Familia humlea nani, kwa faida ya nani? Majibu kuhusu mtazamo wa Kimaksi

Safu ya toleo hili nimeitoa yote kwa barua tatu kutoka mkoani Dodoma zinazogusa jambo moja, yaani nafasi ya familia katika jamii ya kibepari kama wanavyoiona wafuasi wa Karl Marx. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyobeba kiini cha mjadala.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sosholojia, mwaka wa pili, hapa Dodoma mjini. Katika mhadhara tulifundishwa kwamba kwa Wamaksi familia ni chombo cha ubepari: inazaa na kulea wafanyakazi, inawazoesha utii, na inanunua bidhaa. Niliyaandika yote kwenye daftari lakini moyo haukukubali. Mama yangu alitulea watoto watano kwa kulima mtama na kuuza mboga huko Bahi, na sikumwona bepari yeyote akipiga hodi kwetu. Je, mama yangu alikuwa akimtumikia bepari gani? Au nadharia hii ni ya Wazungu wa viwandani na sisi haituhusu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile lililokukera. Hakuna Mmaksi makini anayedai kwamba mama yako aliamka alfajiri kwenda shambani kwa nia ya kumnufaisha tajiri, wala hakuna anayeubeza upendo wake kwenu. Wanachouliza ni kitu kingine: mtoto aliyelelewa kwa jasho lile anapokuwa mtu mzima na kuajiriwa, nani anauvuna uwezo wake wa kufanya kazi, na huyo anayeuvuna alichangia nini katika kumlea?

Katika juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikuu kuhusu mtaji, iliyotoka mwaka 1867, Marx alieleza kwamba mwajiri hamnunui mtu bali hununua nguvukazi yake, yaani uwezo wake wa kufanya kazi kwa muda waliokubaliana. Uwezo huo una gharama: chakula, mavazi, makazi na mafunzo. Tena, kwa kuwa mfanyakazi huchoka, huzeeka na hufa, gharama hizo hujumuisha malezi ya watoto watakaoshika nafasi yake. Kwa hesabu hiyo familia imo ndani ya ujira tangu mwanzo. Lakini unga unaonunuliwa kwa ujira hauliwi ukiwa unga. Lazima mtu achote maji, awashe jiko, asonge ugali, afue nguo, akeshe na mtoto mwenye homa, na kesho yake aanze upya. Kazi hiyo hailipwi na mtu yeyote, na bila hiyo hakuna mfanyakazi atakayefika kazini akiwa na nguvu. Marx mwenyewe aliipitia haraka. Aliandika kwamba bepari anaweza kuliacha jambo hilo mikononi mwa mfanyakazi bila wasiwasi, kwa sababu silika ya kujihifadhi na kuendeleza uzao itamsukuma kulitimiza.

Waliokuja kukaa na kulichimba jambo hilo ni wanawake. Margaret Benston aliandika mwaka 1969 kwamba kazi ya nyumbani ni kazi halisi ya uzalishaji, ila haihesabiwi katika jamii inayohesabu pesa peke yake kwa sababu mazao yake hayapelekwi sokoni. Mwaka 1972 Mariarosa Dalla Costa wa Italia na Selma James walikwenda mbali zaidi: mwanamke aliye nyumbani anazalisha bidhaa muhimu kuliko zote katika ubepari, nayo ni mfanyakazi. Kutokana na mawazo hayo likazuka vuguvugu la kudai ujira kwa kazi za nyumbani. Wataalamu walibishana kwa miaka mingi kama kazi hiyo inazalisha thamani ya ziada, yaani ile inayobaki kwa mwajiri baada ya kulipa ujira, yenyewe au inaiwezesha tu kuzalishwa kiwandani. Kwa maoni yangu ubishi huo ulikula muda mwingi kuliko ulivyostahili, kwa sababu pande zote mbili zilikubaliana kwamba kuna kazi inayofanywa na kwamba kuna mwingine anayenufaika nayo bure.

Sasa turudi Bahi. Mchukue kijana aliyetoka kijijini kuja kubeba zege katika majengo yanayoinuka kila upande wa Dodoma tangu serikali ilipohamia. Amepanga chumba kimoja, na baada ya mavuno basi la kijijini linamletea kiroba cha unga wa uwele, karanga kidogo na mlenda mkavu uliofungwa kwenye mfuko. Akiteguka mguu, mkandarasi anaita kibarua mwingine na yeye anarudi kwa mama yake. Mkewe akikaribia kujifungua, anakwenda kijijini ambako kuna mikono ya kumsaidia. Ukiutazama ujira wake wa siku peke yake, hautoshi kumlisha mtu na familia yake mwezi mzima. Unatosha kwa sababu kile kiroba kipo. Mkandarasi hakuupalilia uwele ule na hamjui mwanamke aliyeutwanga, lakini kama kiroba kisingefika angelazimika kupandisha malipo au kukosa vibarua. Hapo ndipo bepari wa mama yako alipo. Hakuhitaji kupiga hodi.

Na jambo hili si geni nchini. Wakati wa ukoloni mashamba ya mkonge, hasa yale ya Tanga, yaliwachukua wanaume kutoka mikoa ya mbali kwa mikataba, wale walioitwa manamba, na ujira wao ukapangwa kana kwamba kila mmoja ni kapera asiyetegemewa na mtu. Mke, watoto na wazee waliendelea kujilisha kwa jembe kijijini. Mkataba ulipokwisha, au nguvu zilipokwisha, manamba alirudi kwao, na waliomuuguza na kumzika walikuwa ndugu zake. Mfaransa Claude Meillassoux, aliyezichunguza jamii za wakulima wa Afrika Magharibi, alilijengea hoja jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1975: ubepari katika makoloni haukuivunja kaya ya mkulima moja kwa moja, bali uliiacha hai kiasi cha kutosha ili ibebe gharama za kukuza vijana na kutunza wazee, huku mwajiri akiwachukua watu katika miaka yao ya nguvu tu. Harold Wolpe alikuwa ameonyesha jambo la namna hiyo hiyo kuhusu migodi ya Afrika Kusini mwaka 1972. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni kwamba nadharia hii inatuhusu, na mimi naamini inaonekana wazi zaidi hapa kwetu kuliko Manchester, mji wa viwanda wa Uingereza, kwa sababu kule gharama za malezi zimejificha ndani ya kuta za nyumba ya mfanyakazi, na huku unaweza kuziona zikishushwa kwenye buti la basi.

Hayo mengine uliyoandika daftarini yanahitaji maneno machache. Kuhusu utii, mwanafalsafa Mmaksi wa Ufaransa Louis Althusser aliiweka familia mwaka 1970 miongoni mwa taasisi zinazoeneza itikadi ya mfumo uliopo, na akasema kwamba katika ubepari uliokomaa shule ikishirikiana na familia imechukua nafasi iliyoshikwa zamani na kanisa likishirikiana na familia. Mtoto anajifunza nyumbani kwamba kuna mwenye amri na kuna mtii, kisha anaikuta hali ile ile shuleni na kazini na kuiona kuwa ya kawaida. Kuna ukweli ndani yake, ingawa Althusser anaandika kana kwamba watoto hawahoji, na wewe mwenyewe ni ushahidi kwamba wanahoji. Kuhusu ununuzi wa bidhaa, tazama tu namna matangazo yanavyomlenga mtoto ili ambane mzazi.

Ningependa umsome zaidi Eli Zaretsky, Mmarekani aliyeandika kuhusu ubepari na maisha binafsi katika miaka ya 1970. Anasema kwamba kabla ya viwanda familia ilifanya kazi pamoja, nyumbani au shambani, na kwamba kiwanda ndicho kilichotenga mahali pa kazi na mahali pa kuishi. Tangu hapo nyumba ikafanywa kimbilio, mahali ambapo mtu aliyenyanyaswa mchana kutwa anatazamia kuthaminiwa jioni. Zaretsky haidharau faraja hiyo. Anachosema ni kwamba familia imebebeshwa mzigo usiobebeka, wa kuponya majeraha ambayo haikuyasababisha, na kwamba faraja hiyo hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kurudi kesho kwenye hali ile ile. Wapinzani wa Umaksi kama mwanasosholojia wa Marekani Talcott Parsons waliiona kazi hii hii ya familia, ya kutuliza nafsi za watu wazima, lakini wakaisifu kwa kuwa inaimarisha jamii. Wameona kitu kimoja. Wanatofautiana kuhusu jamii inayoimarishwa.

Mhadhiri wako bila shaka alimtaja Friedrich Engels, na hapa nakuomba uwe mwangalifu. Kitabu chake kuhusu chimbuko la familia, mali binafsi na dola kilitoka mwaka 1884, mwaka mmoja baada ya kifo cha Marx, na kilitegemea sana utafiti wa Lewis Henry Morgan juu ya Wairokwa, wenyeji wa asili wa Marekani. Hoja yake ni kwamba ndoa ya mke mmoja ilisimama pale wanaume walipomiliki mifugo na mali nyingine, wakataka uhakika kwamba warithi ni watoto wao wa damu. Ndipo mwanamke akapoteza nafasi yake. Msomaji wa Dodoma, ambako ng'ombe wa mahari hutoka kwa ukoo mmoja kwenda mwingine na zizi hurithiwa na wana wa kiume, atasikia ukweli fulani katika uhusiano huo wa mifugo, urithi na mamlaka ya baba. Hata hivyo ngazi za historia alizozichora Engels, kuanzia jamii isiyo na ndoa hadi ndoa ya mke mmoja, wanaanthropolojia waliofuata hawakuzithibitisha, na miongoni mwa Wagogo wenye mali nyingi ya mifugo ndiko wake wengi walikokuwa, jambo lisiloingia vizuri katika mpango wake. Alitabiri pia kwamba katika nyumba ya mfanyakazi asiye na mali mamlaka ya mume yangekosa msingi. Hilo halikutokea.

Hapo ndipo ukosoaji wa Heidi Hartmann, mchumi mtetezi wa haki za wanawake, una nguvu. Mwaka 1979 aliandika kwamba Umaksi unaeleza kwa nini ubepari una nafasi za kujazwa, lakini hauelezi kwa nini wanawake ndio wanaojaza nafasi za chini, nyumbani na kazini. Kwa hilo lazima tuutazame mfumo dume kama mfumo wenye faida zake kwa wanaume wote, matajiri na makabwela. Ukiandika mtihani wako, usiuache ukosoaji huu mwisho kama mapambo. Yule mwanamke wa Bahi anayetwanga uwele anamwezesha mkandarasi kulipa kidogo, na wakati huo huo anamwezesha mume wake kukaa kivulini.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mtumishi niliyehamishiwa Dodoma kutoka Dar es Salaam. Mume wangu alibaki kule kwa sababu ya kazi yake. Nina watoto wawili wadogo na dada wa kazi kutoka Kondoa. Nimesikia kwamba wakomunisti wanataka kuifuta familia. Ni kweli? Na kwa nadharia yenu, mimi ninamnyonya huyu dada?

JIBU: Nzuri, dada yangu, na pole kwa maisha ya nyumba mbili. Maneno ya kufuta familia yamo kweli katika Ilani ya Kikomunisti ya mwaka 1848, lakini yasome pamoja na yanayoyafuata. Marx na Engels wanajibu shutuma za mabepari kwa kusema kwamba familia ya kibepari imejengwa juu ya mtaji na faida, na kwamba mabepari wanaolia juu ya utakatifu wa familia ndio hao hao waliowatoa wake na watoto wa wafanyakazi majumbani na kuwaingiza viwandani. Hawakuandika popote kwamba mzazi atenganishwe na mwanawe kwa nguvu. Walitaka iondoke familia kama kampuni ya kulinda mali na kama mahali ambapo mke anategemea chakula cha mume.

Aliyejaribu kuyatekeleza kwa vitendo ni Alexandra Kollontai, aliyekuwa katika serikali ya kwanza ya Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi. Sheria ya familia ya mwaka 1918 huko Urusi ilirahisisha talaka na kuwapa watoto wa nje ya ndoa haki sawa na wengine, na mwaka 1920 Kollontai alieleza matumaini yake ya kuwa na mabwalo ya chakula, madobi ya umma na vituo vya watoto, ili mama asichague kati ya kazi na mtoto. Fedha zilikuwa haba baada ya vita, vituo havikutosha, na mwaka 1936 serikali ya Stalin ikaibana talaka na kupiga marufuku utoaji mimba. Wanawake wa Kisovyeti wakabaki na kazi mbili, ya kiwandani na ya jikoni. Sioni sababu ya kulificha hilo. Linaonyesha kwamba kuondoa mali binafsi ya viwanda hakumwondoi mwanamke jikoni.

Kuhusu dada wa kazi, jibu la moja kwa moja ni kwamba wewe si bepari, kwa maana huuzi chakula anachopika ili upate faida. Lakini fuatilia mnyororo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku 3. Baada ya hapo mwajiri wako anakuhitaji kuanzia asubuhi mpaka jioni na hakuwekei kituo cha watoto. Pengo hilo linazibwa na binti aliyelelewa na mama mwingine Kondoa, ambaye huamka kabla yako na kulala baada yako, na ambaye anagharimu kidogo kwa sababu kwao hakuna ajira nyingine. Unafuu wa ujira wake unakufikia wewe kwanza, kisha unamfikia mwajiri wako. Ukimwandikia mkataba, ukamlipa kwa wakati na kumpa siku kamili ya kupumzika, sehemu yako utakuwa umeitenda, na ni sehemu kubwa kwake. Sehemu iliyobaki, ya vituo vya kulea watoto karibu na maofisi, iko juu ya uwezo wa kaya moja na inafaa idaiwe kwenye chama chako cha wafanyakazi.

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mzee wa Kongwa, nilishiriki katika Operesheni Dodoma, ile ya kuhamishia watu vijijini, na nimeishi kijiji cha ujamaa. Sisi tulifundishwa kwamba familia ya Kiafrika ndiyo shina la ujamaa. Sasa hawa wanasema familia ni shina la ubepari. Nani mkweli?

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Mwalimu Nyerere na Marx walitofautiana kweli, na Nyerere hakulificha. Katika andiko lake la mwaka 1962 kuhusu ujamaa aliukataa ujamaa unaojengwa juu ya vita vya matabaka. Alisema shina lake ni familia pana ya Kiafrika, ambamo kila mmoja alifanya kazi na hakuna aliyekufa njaa peke yake. Kwa Mmaksi hilo ni kosa la kuiona familia nje ya historia: familia ile ilikuwa na ardhi na jembe lake, na familia inayotegemea ujira au bei ya zao sokoni imeingia katika uhusiano mwingine hata kama bado inakula sinia moja. Nadhani wote wawili wameshika sehemu. Nyerere aliyaona maadili yanayostahili kulindwa, na Wamaksi waliona kwamba maadili hayo hayo, ya kutomwacha ndugu, ndiyo yanayomwezesha mwajiri kumwacha mfanyakazi anapougua.

Lakini kuna mahali walipokaribiana, na watu wa umri wako mnalikumbuka. Katika andiko lake la Septemba 1967 kuhusu ujamaa vijijini, Nyerere alikiri kwamba maisha ya jadi yalikuwa na kasoro mbili: umaskini, na hali ya wanawake, ambao walifanya kazi nyingi kuliko sehemu yao ya haki, shambani na nyumbani. Engels angeitia sahihi sentensi hiyo. Tatizo likawa katika utekelezaji. Katika shamba la pamoja palikuwa na daftari la mahudhurio, na siku ya mtu ilihesabiwa kwa alichokilima. Ndoo ya maji aliyoitafuta mke usiku, katika mkoa wenye ukame kama wetu, haikuwa na mstari wake katika daftari lile.

Mahakama iliufungua mlango wa kuihesabu kazi hiyo kabla ya vyama vya siasa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaka mahakama itazame mchango wa kila mmoja inapogawa mali iliyochumwa na wanandoa wakiachana, na kwa muda mrefu waamuzi wengine walihesabu fedha tu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kuichuma mali hiyo, ingawa mrufani mwenyewe hakushinda madai yake. Mmaksi ataongeza kwamba uamuzi ule unamtambua mume kuwa ndiye aliyefaidika na kazi ya mke, na kwamba mwajiri wa mume, aliyefaidika pia, hakuwa na kiti katika chumba kile cha mahakama.